Chapati ile ile, kwa nini safari hii avimbe?

Pole sana dada. Umesema mdogo wako hula chapati kila siku bila shida, ila Jumapili alikunywa chai na chapati mbili, akaenda kukimbia akipandisha barabara ya Kibosho, akarudi midomo imevimba na mwili mzima vipele. Hiyo inawezekana kabisa. Kuna watu aleji yao ya ngano inalala mpaka mwili uchemke kwa mazoezi, hata saa tatu au nne baada ya kula. Akila bila kukimbia, salama. Akikimbia bila kula, salama.

Muulize pia kama alimeza dawa ya maumivu kabla ya kutoka. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha mambo, na wakimbiaji wa hapa Moshi wanazimeza kama pipi. Pombe nayo, mbege ikiwemo. Homa, kukosa usingizi, hata siku za hedhi kwa wengine. Mwanangu karanga zilikuwa zinamwasha midomo tu, lakini wiki aliyokuwa na mafua, kijiko kimoja cha mchicha wa karanga kilimletea kutapika na kukohoa mfululizo.

Kama ana pumu isiyotulia, hapo ndipo pa kuogopa zaidi.

Asikimbie tena baada ya kula ngano mpaka daktari amwone. Akibanwa pumzi au kuishiwa nguvu, mlazeni, asisimamishwe (akishindwa kupumua akiwa amelala, akae), mkimbizeni hospitali akachomwe adrenalini pajani. Piritoni haitoshi.