Ukirudi uraiani usijifungie ndani, mimi somo hili nimelilipia

Juzi mdogo wangu mmoja kanitumia meseji saa nane usiku, katoka jeshini mwaka jana, anasema halali na nyumbani hawamuelewi. Na mimi nilikuwa macho, ndo maana nikaisoma palepale. Nikaona nijibu hapa maana najua mko wengi.

Mimi nilikuwepo Kongo 2013, ile brigedi ya Umoja wa Mataifa, sisi Watanzania na Afrika Kusini na Malawi, waasi wa M23 wakiwa wamekalia vilima vya Kibati juu ya Goma. Ya kule siyaandiki. Novemba wakashindwa, tukarudi, baadaye nikastaafu na kiinua mgongo chote nikakitia kwenye Hiace moja. Siku dereva kaleta hesabu pungufu nikamsimamisha wima mbele ya abiria, nikamfokea kama kruti wa kambi ya mafunzo ya Kihangaiko. Kesho yake kaacha funguo kwa mama ntilie, hajarudi mpaka leo. Desemba 2017 niko gereji na hiyo hiyo Hiace, redio ikatangaza vijana wetu wameuawa Semuliki, kulekule Kongo. Nikakaa chini kwenye matairi na spana mkononi, fundi akauliza mzee unaumwa? Nikamwambia ni jua.

Nyumbani ndo kulikuwa kubaya zaidi. Saa kumi na nusu alfajiri nimeshawaamsha wote, mashuka yanyooshwe, mpaka siku nimemuita mwanangu aje kula akaja mbio akakaza mikono, "Ndiyo afande!" Hakuwa anatania. Mkesha wa mwaka mpya fataki zikalia, nikajikuta niko chini ya meza ya chakula, shemeji yangu mmoja akacheka. Huyo bado hatujakaa vizuri, niseme tu ukweli.

Mke wangu bila kuniambia akampigia jamaa tuliyekuwa naye depo, kwenye mafunzo ya kuingia jeshini. Akaja Jumamosi na kashata kwenye mfuko wa rambo, hakuniuliza kitu, tukakaa mpaka adhuhuri tunayasema vibaya maharage ya kambini. Wiki ya pili ndo akaniambia na yeye halali, na kwamba anaenda hospitali kuongea na daktari. Mimi daktari wa akili nilikuwa nawaza hospitali ya vichaa ya Mirembe tu, kufungwa kamba, kumbe unakaa kwenye kiti unaongea unarudi kwako.

Kwa hiyo mdogo wangu, tafuta mwenzako wa depo, tafuta hata mmoja. Mwambie mkeo unaogopa nini, yani mwambie, asije akagundua chini ya meza. Na acheni hizo konyagi, mnasema zinaleta usingizi, zinaleta usingizi gani wakati saa tisa uko macho na kichwa kinauma juu? Na pesa usiiguse mwaka wa kwanza, na Hiace usinunue, nasema tena usinunue.

Saivi tuko wanne pale kijiweni kila Jumamosi, mwenye kahawa anatuita kikosi. Nimekutumia namba, ukija kaa upande wa ukutani, sote tunapenda kuona barabara ila tutakuachia.