Kabla hujaanza EarthBound, nisikilize kidogo

Kila nikimtajia mtu gemu ya EarthBound, swali la kwanza huwa ni kama mapigano yake ni makali. Mimi humsimulia habari za adui mmoja wa humo, mhipi wa miwani. Unakutana naye barabarani, vita inaanza, unangoja akurushie kitu kizito, yeye anatoa rula. Kisha maandishi yanakueleza, kwa utulivu kabisa, kwamba sasa anaweza kupima urefu wa vitu kwa urahisi. Zamu yake imekwisha. Nilicheka mpaka nikaweka pedi ya kuchezea chini.

Kama umecheka hapo, gemu hii ni yako.

Japani ilitoka tarehe 27 Agosti 1994 kwenye Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, kwa jina la MOTHER 2. Aliyeibuni ni Shigesato Itoi, mtu aliyejipatia jina kwa kuandika maneno ya matangazo ya biashara, na ndiyo maana kila sentensi humo imepimwa. RPG, yaani gemu za kuongoza mhusika kwenye safari ndefu, nyingi za wakati ule zilijaa mapanga na mazimwi. Yeye akatupa Ness, mtoto wa kofia nyekundu na gongo la besiboli, anayetoka kwao Onett kwenda kuiokoa dunia huku akila baga na kutoa pesa kwenye ATM. Kazi ilikwama katikati, akaitwa Satoru Iwata, aliyekuja baadaye kuwa rais wa Nintendo. Akawaambia: tukirekebisha mlichonacho ni miaka miwili, tukianza upya ni nusu mwaka. Wakaanza upya.

Marekani ilifika Juni 1995 kwa jina la EarthBound, na matangazo yake yakawaambia watu kwamba gemu hii inanuka, pamoja na kurasa za kukwangua na kunusa. Ziliuzwa takriban nakala 140,000 tu. Waliobahatika kuicheza ndio walioibeba miaka yote iliyofuata, nami nawashukuru kwa dhati, maana bila wao nisingeijua. Leo ipo kwenye Nintendo Switch Online, huduma ya kulipia ya mashine ya Switch, tangu Februari 2022. Iko kwa Kiingereza na utani wake wote umo kwenye maneno, kwa hiyo ukiwa na haraka ya kubonyeza umekosa nusu ya gemu. Zungumza na kila mtu. Rudi uzungumze naye tena baada ya tukio kubwa, kwa sababu maneno yake yatakuwa yamebadilika.

Mwanzo ni mgumu, nisikufiche. Ness yuko peke yake, kunguru na mbwa wanamsumbua, na wengi huacha hapo. Usiondoke Onett mapema. Pigana karibu na nyumbani, ukiumia rudi kwa mama, atakulisha na kukulaza bila malipo. Pesa ziache benki: baba yako, ambaye utamsikia kwenye simu tu, anakuwekea kwenye akaunti kila unaposhinda, na kumpigia yeye ndiyo njia ya kuhifadhi ulipofika. Ukishindwa vitani unapoteza nusu ya pesa ulizoshika mkononi. Mimi nilipoteza hivyo pesa za gongo jipya nililokuwa nikilisubiri jioni nzima, na iliniuma kweli.

Jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema ni lile la uhai. Tuseme Ness amebakiwa na 80, adui anampiga pigo la 120. Kwenye gemu nyingine amekwisha. Hapa tarakimu zinaanza kuteremka moja moja, kama mita ya Luku inavyokula uniti. Maadamu hazijafika sifuri, bado yu hai. Ukimtibu haraka, au ukimmaliza adui wa mwisho kabla hazijaisha, ameokoka. Hapo tu ndipo uwe na haraka.

Mizigo ndiyo kasoro yake kubwa. Kila mtoto anabeba vitu 14, na vitu vya lazima vinakula nafasi. Usirundike. Mpigie dada yako Tracy, ana kazi kwenye kampuni ya kutunza vifurushi.

Mwanzoni kabisa utaulizwa chakula unachokipenda. Usipite haraka hapo. Mimi niliandika Pilau. Wiki kadhaa baadaye, nikiwa Fourside, mji mkubwa mbali na kwao, niko katikati ya vita, namwamuru Ness apige, hapigi. Anawaza Pilau la mama. Zamu imepotea. Nilidhani ni hitilafu, kumbe mtoto amepata ugonjwa wa kukumbuka nyumbani, na dawa yake haiuzwi dukani wala hospitali ya humo hawaitibu. Unatafuta simu, unampigia mama, unamsikiliza, basi. Wakati huo nilikuwa na miezi minane Arusha, na mama yangu yuko Tanga. Niliiacha gemu ikiwa imewaka nikampigia. Akaniuliza nimekula nini.

Usisome mwongozo wa mapambano ya mwisho. Ukikwama kwengine uliza, lakini ya Giygas, adui wa mwisho, yaache uyakute mwenyewe, na kumbuka tu kwamba Paula, msichana anayesafiri na Ness, ana amri ya kuomba ambayo wachezaji wengi huisahau. Mpiga picha akidondoka kutoka angani, simama upigwe picha, usikasirike kwamba anakuchelewesha. Na katikati ya safari gemu itakuuliza jina la anayeshika pedi, yaani wewe. Andika jina lako la kweli, lile wanalokuita nyumbani.