Shangazi, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 44, naendesha malori ya masafa marefu, naishi Columbus, Ohio, na mke wangu na watoto watatu. Mke wangu anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna mzee mmoja hapa anauza Pontiac GTO ya 1967, nyekundu, paa jeusi. Injini haiwaki ila bodi inang'aa. Anataka dola 29,000. Tangu nifike Marekani nalitamani gari hilo nilifufue mwenyewe. Nilitoa arbuni ya dola 2,000 bila kumwambia mke wangu, kwenye akaunti tunayowekea nyumba yetu ya Kibaha. Ameona ujumbe wa benki. Wiki ya pili sasa analala na mtoto wa mwisho, na salamu ananiletea kupitia watoto. Picha za gari nimekutumia. Nifanyeje nisimkose yeye wala gari? – Dereva, Ohio*

Marahaba, mwanangu. Nianze na picha, maana ndizo zilizonichelewesha kukujibu.

Mimi magari nayajua kwa kuyaishi. Marehemu mume wangu aliifungua injini ya Peugeot 504 sebuleni kwetu Tanga, na pistoni zake zilikaa miaka miwili kwenye karai langu la kufulia, zinaogelea kwenye mafuta ya taa. Lakini siku ya kwenda kulinunua tulikwenda wote, mimi na mimba ya miezi saba. Karai nilimsamehe.

Picha zako nikamrushia mtoto wa kaka yangu, fundi wa bodi huko Michigan. Akanipigia usiku uleule: "Shangazi, huyo mtu namba kaisoma?"

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pale kwenye bawaba, kuna kibati cha namba ya gari. Cha kwako kinaanza na 237. GTO ya 1967 inaanza na 242. Hiyo 237 ni Pontiac LeMans, ndugu wa tumbo moja: bodi ileile, ila GTO ilitoka kiwandani na injini ya V8 ya lita 6.6, na LeMans ikatoka na silinda sita, au V8 ndogo kwa aliyeongeza pesa. Nembo, grili, boneti lenye pua, vyote hivyo vinauzwa vipya, na mwenye spana anaivisha LeMans nguo za GTO wikendi moja. Simsingizii huyo mzee, huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Wamarekani wenyewe GTO wanaiita Mbuzi. Basi wewe umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na ndani ya gunia mbuzi hayumo.

(Na hilo gari lenyewe lilizaliwa kwa ujanja. Wakubwa wa General Motors, kampuni mama ya Pontiac, walikataza injini kubwa kwenye magari ya saizi ya kati, wale wa Pontiac wakaipenyeza kwenye toleo la 1964 kama kitu cha kuongezea mteja akitaka. Likauzika, wakubwa wakanyamaza.)

Ukitaka karatasi badala ya maneno ya shangazi, Pontiac Historic Services wanauza nakala za kumbukumbu za kiwanda kwa namba ya gari. Lipia hiyo kabla hujaongeza hata senti.

Halafu hiyo bodi inayong'aa. Ohio barabara zinamwagiwa chumvi kila kipupwe, na gari la umri huo likikutana na chumvi linaliwa kuanzia chini: sakafu ya buti, nyuma ya magurudumu ya nyuma, ncha za milango. Paa jeusi kama lako limevikwa ngozi ya plastiki, maji yanaingia chini yake na kukaa hapo, kutu inakula kuzunguka kioo cha nyuma na nje huoni kitu. Rangi mpya juu ya puti, ule ujiuji wa kuzibia matundu ya bodi, inang'aa vizuri sana. Injini mbovu inashushwa ikafunguliwa, lakini bodi iliyooza ni kukata bati na kuchomelea, na fundi wa huko anatoza kwa saa.

Sasa mkeo. Wewe unadhani kanunia gari. Dola 2,000 ni zamu ngapi za usiku za kugeuza wazee wa watu vitandani? Kaa uhesabu kwa malipo yake ya saa, uandike. Pesa hizo zimetoka, na yeye kajulishwa na simu, kama jirani.

Usimpelekee maua, na wazee wa ukoo waache walale. Mngoje atoke zamu, mpe chai, umwambie hesabu yote: arbuni, bei, breki za kutengeneza, mabomba ya mafuta, bati, rangi. Usipunguze ili isikike ndogo. Mwambie pia na ile 237. Itakuuma kusema, lakini mimi nikiwa mke wako hapo ndipo ningecheka, na nikishacheka siwezi tena kulala na mtoto.

Akaunti ya Kibaha irudishie kwa safari zako za ziada, na ya gari mfungue nyingine, ndogo, ambayo yeye anaiona. Kwa mzee kaangalie risiti. Kama imeandikwa GTO, una haki ya kudai arbuni yako, na udai kwa maandishi. Kama mkeo ataridhia na mzee atashusha bei iwe ya LeMans, mimi sioni aibu yoyote kwenye LeMans. Ni gari zuri, na likiharibika kwa ufundi wako wa kujifunzia, hasara si ya Mbuzi halisi.

Ila kabla ya hapo rudini mkalitazame wote wawili, mchana, siku isiyo na mvua. Chukueni sumaku moja pale kwenye jokofu, muifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi, na muipitishe taratibu chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Penye bati itanata, penye puti nene itadondoka. Sumaku mwache yeye aishike.