Kompresa ya mashine au plagini?

Kompresa hubana sauti, yaani hushusha pale inapopaa; yaweza kuwa mashine, au plagini, programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi. Kwa anayerekodi sauti na gitaa chumbani: baki na plagini, ndugu. Reaper, programu ya kurekodi, inakuja na kompresa yake, ReaComp, na unaifungua kwenye traki zote ukitaka. Mashine ya chaneli moja inabana sauti moja tu kwa wakati mmoja, na ukizidisha wakati wa kurekodi, basi tena, hairudi.

Rekodi kwa biti 24, vilele viishie karibu na -12 dBFS (kwenye mita, 0 ndio mwisho wa juu), bila kubana chochote. Kisha kwenye sauti ya mwimbaji weka ratio (kiasi cha kubana) 3:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 10, rilisi (muda wa kuachia) milisekunde 80, ushushe threshodi (kiwango ambacho sauti ikikipita inabanwa) taratibu mpaka mita ionyeshe inapunguza 3 hadi 6 dB pale anapopaza. Herufi k na t zikififia, ataki ni fupi mno, jaribu 20. Feni ikianza kusikika kati ya mstari na mstari, umebana kupita kiasi.

Mashine itahitaji intafesi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) yenye tundu za ziada za kutoa na kuingiza laini, na waya zake. Hela hiyo kwa sasa inunue maiki nzuri na mablanketi mazito ya kutundika ukutani.