Kopo la babu kutoka Chicago

Barua zenu za mwezi huu zinajibiwa na Mzee Rajabu wa Ilala, aliyefanya kazi ya kupanga madaraja ya tumbaku Tabora na Morogoro kwa miaka 31.

*Shikamoo Mzee Rajabu. Babu yetu alikuwa baharia, alifariki mwaka jana hapa Mtoni. Katika sanduku lake tumekuta kiko na kopo la bati lililoandikwa Iwan Ries & Co., Chicago, na chini yake Three Star. Maandishi mengine yamefutika. Ndani mna majani makavu, baadhi ya kahawia na baadhi meusi tii, yananuka kama samaki wa kubanika. Babu alikuwa akisema tumbaku ile haiuzwi kwingine kokote duniani. Wajomba wanasema alikuwa akijisifu tu. Ni kweli au si kweli? Na kopo tulifanyeje?*
*Zuhura, Mtoni kwa Azizi Ally*

Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba. Waambie wajomba zako kwamba marehemu alisema kweli tupu.

Iwan Ries ni duka, na bado lipo. Lilianzishwa Chicago mwaka 1857 na mhamiaji aitwaye Edward Hoffman. Jina la sasa ni la mtoto wa ndugu yake aliyelirithi. Moto mkubwa ulioteketeza mji ule mwaka 1871 uliikuta biashara hiyo ina umri wa miaka 14. Leo ipo ghorofani kwenye jengo la zamani la mtaa wa Wabash, kazi ya wasanifu Adler na Sullivan, na nje treni za juu zinapita zikinguruma. Wenye mali ni ukoo uleule. Biashara ya jamaa kupokezana vizazi vitano si jambo dogo. Hapa mjini hesabu mwenyewe ni maduka mangapi ya wakati wa babu yako yamebaki na wenyewe.

Three Star ndiyo michanganyiko ya duka hilo, nayo si mmoja. Ni ukoo mzima, kila mmoja umepewa jina la rangi, Blue, Gold, Bronze na kadhalika. Nadhani ndiyo maandishi yaliyofutika kwenye kopo lenu. Sasa niruhusu nikueleze mchanganyiko wa duka ni kitu gani, maana hapo ndipo penye ukweli wa babu.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipika udi nyumbani kwetu Magomeni. Vipande vya udi, sukari, marashi, miski na ambari zikipatikana. Vitu hivyo kila mwanamke wa mtaa ule aliweza kuvinunua dukani kwa Mhindi mmoja. Lakini jioni ukipita uchochoroni ulijua bila kuambiwa huu ni udi wa nani. Bibi harusi wa Ilala alitumiwa mtu Magomeni kuufuata wa mama, na mama hakumwandikia mtu kipimo. Basi maduka ya kiko ya Marekani yaliishi hivyohivyo. Halikuwepo linalolima jani lake. Yote yalinunua jani la aina ya Virginia, yalinunua la aina ya Burley, yalinunua majani ya Uturuki na Ugiriki, ila vipimo na mpangilio wa kazi vilikuwa siri ya nyumba. Mteja akihama Chicago kwenda California aliendelea kuagiza kwa posta, kwa kuwa kule alikohamia ilikuwepo tumbaku nyingi, lakini haikuwepo ile.

Niliiona kazi hii kwa macho yangu. Mwaka 1987 nilipelekwa North Carolina kwa mafunzo ya wiki sita, na kabla ya kurudi nikapitia Boston kwa shemeji aliyekuwa akisoma huko. Akanipeleka Park Square, kwenye duka la L. J. Peretti, lililofunguliwa mwaka 1870. Mitungi imepangwa, mizani ipo kaunta. Mzee mmoja akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia napanga tumbaku Tanzania. Hakusema neno, akafungua mtungi, akaniwekea majani kiganjani, akasubiri. Nikayapekua kwa kidole kama nilivyozoea: hili ni Virginia la mvuke, yaani lililokaushwa kwa joto bila moshi, hili Burley. Akatikisa kichwa kukubali. Jani la tatu lilinishinda. Lilikuwa jeusi, lina harufu ya moshi na ngozi, na ndilo hilo mnalolinusa ninyi mkadhani ni samaki.

Linaitwa Latakia, kwa jina la mji wa bandari wa Syria, ingawa kwa miaka mingi limekuwa likitoka zaidi Cyprus. Linafukizwa kwa moshi wa kuni na vichaka vyenye harufu mpaka ligeuke jeusi. Wasomaji wangu wa Namtumbo na Songea wanaifahamu tumbaku ya moshi. Ila ile yetu ni nzito na kali, na Latakia ni laini ulimini, ukali wake umo puani tu. Mchanganyaji akizidisha, limemeza mengine yote. Kwa hiyo ukikuta kopo ambalo baada ya miaka mingi bado kahawia na nyeusi zote zinasikika, aliyepima alikuwa fundi.

Jambo jingine nililolipata katika safari ile linanigusa mpaka leo. Jani la mvuke tunalokausha Urambo na Kaliua, lile la njano ya dhahabu, njia yake husimuliwa kuwa ilianza mwaka 1839 wilaya ya Caswell, North Carolina, kwenye shamba la Abisha Slade. Kijana mtumwa aitwaye Stephen alikuwa akilinda usiku moto wa bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, usingizi ukamchukua, moto ukakaribia kuzimika. Aliposhtuka akakimbilia makaa ya mhunzi akayatia. Joto likapanda ghafla bila moshi mwingi, na jani likatoka la njano kuliko lilivyopata kuonekana. Baadaye watu wakaweka mabomba ya chuma kupitisha joto, na hayo ndiyo mabani yetu. Kila nikimwona mkulima wa Urambo anakesha bani lake namkumbuka Stephen. Mwenye shamba alipata fedha. Stephen hatujaachiwa hata jina la baba yake.

Na jani letu nalo husafiri bila jina. Likishapakiwa Morogoro na kushushwa bandarini hapa, linachanganywa na ya wengine, na neno Urambo linaishia gatini. Ndiyo maana nayapenda maduka haya ya zamani: angalau kaunta ina jina, na mwenye jina yupo ndani.

Kuhusu kopo. Tazama kama kuna ukungu mweupe wenye nyuzinyuzi na harufu ya chumba chenye unyevu. Ukiona hivyo, tupa majani na kopo lioshwe. Kama ni makavu tu, hayajaharibika, lakini tafadhali asiwepo kijana wa nyumba hiyo atakayeyajaribu kwa kumuenzi babu. Kaka yangu mkubwa alivuta kiko miaka 40, akiamini kwamba kiko si sigara kwa kuwa moshi haushuki kifuani. Tulimzika kwa saratani ya koo. Moshi wa kiko unakaa mdomoni na kooni, na hapohapo ndipo unapodhuru. Kiko kisafisheni kwa kitambaa kikavu, kiwekeni na kopo mahali pasipo na jua. Na mwaka wa kwanza wa marehemu ukifika, kabla ya kisomo, lifungueni mara moja muinuse harufu yake.

*Mzee salaam aleikum. Jamaa yangu aliyeko Houston ananiambia maduka mengi ya kiko kule hayachanganyi chochote. Yananunua mifuko kiwandani, yanamimina kwenye mitungi na kubandika jina lao. Mimi nauza viungo Kariakoo, bizari ya pilau nasaga mwenyewe. Ningebandika jina langu kwenye ya mwenzangu wateja wangeniita tapeli. Sasa sifa ya maduka hayo ni ya nini?*
*Hassan, Kariakoo*

Waaleikum salaam Hassan. Jamaa yako hajakudanganya. Kuna mchanganyiko maarufu uitwao 1-Q wa kampuni ya Lane Limited: Virginia na kavendishi nyeusi, yaani jani lililopikwa kwa mvuke na kushindiliwa, kisha kutiwa vanila. Umeuzwa kwa wenye maduka katika mifuko ya ratili tano, na wenye maduka wakauita watakavyo. Mtu anaweza kuvuta "tumbaku ya mjini kwetu" Ohio, akasafiri hadi Texas akaikuta kwa jina jingine.

Mimi nayagawa mafungu mawili, na nayasema bila kupepesa. Anayenunua mfuko, akautia Perique kidogo au Burley, akaujaribu mwezi mzima na wateja wake mpaka ukakaa sawa, huyo kachanganya na jina ni haki yake. Wewe nawe Hassan hulimi binzari wala mdalasini. Lakini anayemimina tu na kubandika karatasi, huyo ameuza jina, na simheshimu, hata kama duka lake lina miaka mia.

Nimetaja Perique, na ni vema uijue, kwa kuwa mtu wa viungo ataielewa haraka kuliko mtu yeyote. Inatoka wilaya moja ya Louisiana, St. James. Majani yanashindiliwa katika mapipa yaliyokuwa ya wiski, yanachacha ndani ya maji yao wenyewe karibu mwaka mzima, na kila baada ya muda hutolewa yakapata hewa na kurudishwa. Yakitoka yana harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi na pilipili manga. Yanatiwa kidogo sana, kama karafuu kwenye pilau.

Hatari ya kutegemea mfuko wa mtu inaonekana sasa. Sutliff, kampuni iliyoanza San Francisco mwaka 1849 na baadaye kuwa na kiwanda Richmond, Virginia, ilikuwa mikononi mwa Mac Baren ya Denmark. Mwaka 2024 Scandinavian Tobacco Group iliinunua Mac Baren, ikatangaza kukifunga kiwanda cha Richmond. Duka lililokuwa likimimina tu mifuko ya huko limebaki na mtungi na karatasi. Aliyekuwa na kipimo chake daftarini anaweza kutafuta jani linalokaribiana na kusahihisha taratibu. Kule Berkeley, California, kulikuwa na duka la Drucquer lenye asili ya London. Lilifungwa, lakini Gregory Pease, aliyefanya kazi kaunta ile ujanani, akaja kuwa mchanganyaji mwenye jina na kuyarudisha baadhi ya majina ya zamani ya duka. Kwa hiyo Hassan, kama hiyo bizari yako imo kichwani tu, iandike, umpe mtoto mmoja unayemwamini.

*Shikamoo. Nimeona picha ya jenerali wa Marekani anavuta kiko kinachofanana na gunzi la mahindi. Ni gunzi kweli? Haliungui? Huku shamba la mjomba Chanika magunzi tunawashia moto.*
*Juma, Gongo la Mboto*

Marahaba Juma. Ni gunzi kweli, na jenerali huyo bila shaka ni Douglas MacArthur. Yanatengenezwa mji wa Washington, jimbo la Missouri, na kampuni ya Missouri Meerschaum tangu mwaka 1869, alipoanza fundi seremala Mholanzi, Henry Tibbe. Haliungui upesi kwa kuwa wanapanda mahindi ya mbegu maalumu yenye gunzi nene na gumu, wanaliacha likauke muda mrefu, wanalitoboa katikati na kulipaka plasta kwa nje kuziba vitundu. Ni kiko cha bei nafuu kuliko vyote, na hata wenye viko vya thamani hukitumia kuonjea mchanganyiko mpya, kwa kuwa hakina kumbukumbu ya tumbaku ya jana. La mjomba wako ni laini, lina nafasi nyingi ndani, lingeshika moto kabla ya kufika nusu. Endeleeni kuwashia moto.