Kulala Nairobi siku za mashindano: anza na safari ya kurudi

Wageni wengi wanaokuja Nairobi kutazama mpira hufungua ramani, wakaweka kidole juu ya uwanja, kisha wakatafuta chumba kilicho karibu na kidole. Si vibaya, ila ramani haisemi lolote kuhusu saa tano usiku. Kwenda uwanjani kila mtu hufika: matatu zipo, bodaboda zipo, na jua lingalipo. Kazi iko kwenye kurudi, maelfu mnapomiminika kupitia mageti yale yale kwa wakati mmoja, na makanga, yaani kondakta wa matatu, keshajua kwamba leo abiria hana ujanja.

Kwa hiyo, kabla hujatazama picha ya kitanda, piga hesabu ya saa. Mechi inayoanza saa mbili usiku ina dakika 90, mapumziko 15 na zile za kufidia. Inaisha karibu saa nne. Ikiwa ni mtoano, weka dakika 30 za nyongeza na penalti, sasa ni saa tano kasoro. Kutoka jukwaani hadi barabarani, uwanja ukiwa umejaa, huchukua nusu saa na hata zaidi. Chumba kizuri ni kile unachoweza kukifikia saa tano na nusu usiku kwa njia mbili tofauti, moja ikiwa miguu yako.

Tuanze na uwanja wa Kasarani, maana huko ndiko fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, ilikochezwa tarehe 30 Agosti 2025, Morocco ilipoilaza Madagascar 3-2. Uwanja uko upande wa kulia wa Thika Road ukitoka mjini, kati ya barabara hiyo na ile ya Kasarani-Mwiki. Roysambu, Mirema, Lumumba Drive na Zimmerman ziko upande wa kushoto. Hili la upande linasahaulika sana. Nyumba inaweza kuonekana iko kilomita mbili tu kutoka uwanjani, kumbe katikati kuna barabara kuu ya njia nyingi na uzio, na pa kuvukia ni daraja la waenda kwa miguu lililo kwenye stegi nyingine, yaani kituo kingine cha matatu. Ukipata nyumba upande wa kushoto, muulize mwenyewe daraja la karibu liko wapi na kutoka hapo hadi mlangoni ni dakika ngapi kwa mguu. Akijibu kwa dakika za gari, uliza tena.

Hata hivyo Roysambu ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi. Kuna vyumba vya kukodi kwa usiku kila mtaa, maduka hufungwa kwa kuchelewa, na kutoka uwanjani hadi TRM (Thika Road Mall) unatembea nusu saa hadi dakika 45, kutegemea geti ulilotokea. Siku ya mechi njia hiyo huwa na watu wengi, nawe fuatana nao. Usikate njia za ndani kwa sababu simu imekuonyesha mkato.

Upande wa uwanja wenyewe kuna Seasons, Hunters, Sunton hadi Mwiki. Bei ni nafuu na huhitaji kuvuka Thika Road. Kasoro ni barabara ya Mwiki, ambayo hata siku ya kawaida jioni husongamana. Siku ya mechi matatu za 17B husimama pale pale. Ukikaa huku, chagua nyumba ambayo unaweza kutembea hadi uwanjani bila gari, au usikae kabisa. Nyumba ya ndani Mwiki inakupa hasara mbili: uko karibu kwa ramani na mbali kwa saa.

Githurai tunaiweka ya tatu. Si kwa sifa mbaya inayosimuliwa mjini, bali kwa sababu stegi yake usiku ni vurugu ya wachuuzi, bodaboda na magari, na mgeni aliyeshika simu mkononi akitafuta njia ni windo rahisi. Mwenye ndugu huko akae kwa ndugu yake.

Jambo moja kuhusu matatu za Thika Road: zile za mbali, za Ruiru na Thika, mara nyingi hushika barabara ya katikati na kupita stegi za Roysambu na Kasarani bila kusimama. Muulize makanga kabla hujakanyaga ngazi, si baada ya kulipa.

Na teksi za simu? Ukiita gari ukiwa getini, dereva ataikubali safari, ataona ramani yote nyekundu, ataifuta. Au atakupigia akuulize unaongeza ngapi. Tembea kwanza hadi TRM, au hata Garden City kama unaelekea mjini, ndipo uite. Dereva anayeweza kusimama na kugeuza gari bila kuzingirwa na mashabiki hakimbii kazi.

Nyayo ni hadithi nyingine. Uwanja huu wa watu 30,000 uko pale Uhuru Highway inapokutana na Lang'ata Road na Mombasa Road, na kutoka katikati ya jiji unatembea nusu saa kupitia mzunguko wa Bunyala. Wa kulala mjini hana shida ya gari, ila vipande vya barabara hiyo vina giza, kwa hiyo ondoka na kundi, usisubiri watu waishe. Nairobi West iko jirani kabisa na ina vyumba vingi, lakini pia ina baa zisizolala. Omba chumba cha nyuma ya jengo au ujue utalala saa kumi. South B na Madaraka zimetulia zaidi. South C nayo ni nzuri, ila iko karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, na ndege ndogo huanza kazi alfajiri.

Kwa AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja Septemba 2023, uwanja mpya ni Talanta, wa watu 60,000, ulioko Jamhuri kando ya Ngong Road. Hapa mantiki inageuka. Kilimani, Woodley, Adams Arcade na Dagoretti Corner ndizo za kutazama, na aliyezoea Roysambu atajikuta ng'ambo ya jiji. Kilimani ina fleti nyingi zenye lifti, jenereta na kisima, na bei yake inalijua hilo. Mwenye bajeti ndogo atafute Dagoretti Corner, akikaa karibu na barabara kubwa ambako matatu za 111 hupita.

Mwenye tiketi za viwanja viwili asihame hoteli katikati ya wiki. Ngara na Pangani ziko mwanzoni mwa Thika Road, matatu za Kasarani hupita hapo, na Nyayo iko umbali mfupi ukivuka mji. Vyumba vya Ngara si vya kupiga picha. Vinafanya kazi.

Kuhusu mitaa ya mbali, Kitengela, Rongai na kadhalika, tuseme chumba huko ni shilingi 1,500 na Roysambu ni 2,800. Umeokoa 1,300. Sasa toa teksi moja ya usiku kutoka Kasarani hadi Kitengela, ambako ni upande mwingine kabisa wa mji. Akiba imeliwa na deni limebaki. Syokimau inafaa kwa anayeshuka SGR usiku na kuondoka siku ya pili, au mwenye gari lake, kwa sababu Eastern Bypass inamfikisha Thika Road bila kugusa mji. Vivyo hivyo, ukitua uwanja wa ndege wa JKIA ukielekea Kasarani mwambie dereva ashike barabara ya Outering hadi Allsops kwenye Thika Road. Akikupeleka kupitia mjini amekutembeza.

Tiketi kwanza, chumba baadaye

Wakati wa CHAN, baada ya mashabiki kuvunja utaratibu wa kuingia, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipunguza watazamaji wa Kasarani. Mechi ya Kenya na Zambia ilibaki na nafasi 27,000. Waliolipia vyumba wakitumaini kununua tiketi getini walibaki na vyumba. Usilipe usiku usioweza kurudishiwa pesa kabla tiketi haijaingia kwenye simu.

Pia usilipie robo fainali kwa imani. Mashindano ya nchi tatu yana mtego wake: anayeongoza kundi anaweza kubaki Nairobi, na wa pili akapanda ndege. Agosti 2025 Kenya iliongoza Kundi A, ikacheza robo fainali Kasarani na kutolewa na Madagascar kwa penalti. Morocco, iliyokuwa ya pili, ililazimika kwenda Dar es Salaam kucheza na Tanzania. Chumba cha mechi za makundi kilipie. Cha mtoano kiwekee nafasi mahali panaporuhusu kughairi bila malipo hadi siku moja au mbili kabla, na uandike tarehe hiyo ya mwisho mahali utakapoiona.

Ya kumuuliza mwenye nyumba

La kwanza ni geti. Ploti nyingi za Nairobi hufunga geti saa tano au saa sita, na mlinzi akishalala, utagonga mpaka majirani waamke. Uliza hufungwa saa ngapi, nani anafungua baada ya hapo, na upewe nambari yake kabla ya siku ya mechi. Kama jibu ni "hakuna shida," omba nambari hiyo hiyo tena.

La pili ni maji. Roysambu, Zimmerman na Kasarani maji ya kaunti huja kwa mgao, siku kadhaa tu kwa wiki, na jengo huishi kwa tangi. Wiki ya mashindano kila chumba kina watu wanne badala ya wawili, na tangi lililopigiwa hesabu ya wapangaji wa kawaida linaisha jioni, wakati ule ule unaotaka kuoga. Swali zuri si "maji yapo?" maana yapo daima. Uliza kama kuna kisima au tangi tu, na kama kuna mtungi wa akiba ndani ya chumba. Maji ya kisima mara nyingine yana chumvi. Kunywa ya kununua.

Stima ni ya tokeni, yaani hulipiwa kabla ya kutumika. Hita ya shawa hula kilowati 5 hivi, kwa hiyo dakika 12 za kuoga ni uniti moja. Wanne mkioga, uniti nne zimekwenda kabla ya chai. Kubaliana mapema tokeni ni za nani, na ukifika tazama mita ina uniti ngapi mwenye nyumba akiwa bado hapo.

Uliza pia ghorofa. Jengo la ghorofa tano bila lifti ni la kawaida, na picha za chumba hazionyeshi ngazi.

Kuhusu pesa, anayekuomba utume M-Pesa ya "kushikilia nafasi" nje ya programu mliyokutania, akisema kuna mwingine anayeitaka, mwache huyo mwingine aichukue. Ukilazimika kutuma, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha na ulilinganishe na la anayekupangisha. Omba video fupi ikianzia getini hadi chumbani, si picha. Picha za chumba kimoja huzunguka kwenye matangazo kumi. Na omba jina la stegi pamoja na ramani, kwa sababu bodaboda hatafuti nambari ya nyumba, anatafuta "nyuma ya kanisa, karibu na posho mill."

Watu wa Mombasa na Dar, chukueni hili kwa uzito: Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi, usiku nyuzi 11 au 12, na nyumba zetu hazina vipasha joto. Omba blanketi la pili wakati wa kulipia chumba, sio saa saba usiku, na jaketi la uwanjani lisiwe ndani ya begi la safari.

Begi lenyewe usiende nalo uwanjani. Kwenye ukaguzi litakurudisha nje. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwani mgeni hutakiwa kutoka chumbani saa nne asubuhi, mechi ni jioni, na basi la Mombasa linaondoka mjini saa nne usiku. Mechi ikienda penalti, basi limekwenda. Lipia usiku mmoja zaidi, acha begi chumbani, na ukate tiketi ya basi au treni ya asubuhi.