Ukianza kuchunguza mafungunyota wazi, tafuta kwanza nyota zilizokwisha ondoka

Wanaoingia katika kazi hii huwa nawaambia mapema: fungunyota wazi, yaani kundi la nyota zilizozaliwa pamoja na kushikamana kwa mvutano wao, unaloliona leo ni masalio. Chukua Kilimia. Kina nyota zaidi ya elfu moja, umri wake ni kiasi cha miaka milioni 120, na kwa macho kinaonekana kimetulia kabisa. Lakini nyota zimekwisha kukihama na nyingine zinaendelea kukihama. Usipolizingatia hilo, hata vipimo safi vitakupa majibu ya ovyo.

Hasara kubwa hutokea utotoni. Nyota huzaliwa ndani ya wingu la gesi na vumbi, na sehemu inayogeuka kuwa nyota ni ndogo, kwa kawaida haifiki hata theluthi. Gesi iliyobaki ndiyo inayosaidia kulishikilia fungu kwa mvutano wake. Kisha nyota chache nzito zinawaka, na mnururisho wake wa urujuanimno pamoja na pepo zake huifukuza gesi yote katika miaka milioni chache. Mvutano unapungua, nyota zinabaki na kasi ileile, na mafungu mengi yanasambaratika hapo hapo. Mwaka 2003 wanaastronomia Charles Lada na Elizabeth Lada walikadiria kwamba yanayofikia umri wa Kilimia yakiwa bado yameshikamana hayazidi asilimia 4 hadi 7. Hata ukiibishia tarakimu hiyo, utakubali kwamba walionusurika ni wachache.

Walionusurika nao huvuja, ila polepole. Kila nyota mbili zinapopitana hubadilishana nishati. Kwa wastani iliyo nzito hupunguza mwendo na kuzama katikati, iliyo nyepesi huongezewa mwendo na kusukumwa pembeni, mpaka siku moja inavuka mpaka. Kwa hiyo ukipima kitovu peke yake utaona nyota nzito tele na utashawishika kuandika kwamba fungu lilizaliwa hivyo. Pima mbali zaidi kabla hujaandika.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila nikilieleza. Nyota inayotoroka haipotei kokote tu. Hutokea ama upande unaoelekea kitovu cha galaksi, ama upande wa pili. Iliyotokea ndani inapata mzunguko mfupi, ikatangulia; iliyotokea nje inabaki nyuma. Baada ya muda fungu linakuwa na mikia miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Fungu la Hyades, lililo umbali wa miaka nuru 150 hivi, lilishukiwa kuwa na mikia kwa muda mrefu. Ilipatikana wazi mwaka 2019 kwa data za Gaia, chombo cha angani kilichopima mahali na mwendo wa nyota, ikiwa na urefu wa mamia ya miaka nuru. Programu yako ya kuchuja wanachama ikichora duara dogo kuzunguka kitovu, mikia hiyo umeitupa mwenyewe.

Galaksi ina silaha nyingine: mawingu makubwa ya molekuli. Mwanaastronomia Lyman Spitzer alionyesha mwaka 1958 kwamba fungu likipita karibu na wingu la namna hiyo, nyota zake hupata msukosuko unaoweza kulivunja. Ndiyo maana uwe makini na mafungu mazee. Fungu la M67 lina umri wa karibu miaka bilioni 4, nalo liko zaidi ya miaka nuru elfu moja juu ya bapa la Njia Nyeupe, galaksi yetu, ambako mawingu ni haba. NGC 188, fungu lililo kongwe kuliko M67, nalo liko mbali na bapa. Ukitumia wazee kama hao kueleza jinsi mafungu yote yanavyozeeka, umewasikiliza walionusurika peke yao.

Kuhusu umri, njia ni ileile ya siku zote: chora mchoro wa rangi na mwangaza, tazama safu kuu, yaani mstari wa nyota ambazo bado zinachoma hidrojeni kitovuni, inapindia wapi. Nyota za buluu hutangulia kufa, kwa hiyo kadiri kona hiyo inavyoshuka ndivyo fungu lilivyo zee. Vitabu vinaeleza vizuri, sina la kuongeza, isipokuwa kwamba zile chache za buluu zinazobaki juu ya kona katika M67 si ujana; zilinyonya gesi ya wenzao au ziliungana nao.

Sasa umbali, ambapo wageni wengi huteleza. Usigeuze paralaksi ya kila nyota (kuhama kwake kudogo angani Dunia inapolizunguka Jua) kuwa umbali kisha ukachora ramani ya pande tatu. Kwa fungu lililo mbali kama M67, kosa dogo la paralaksi ni kubwa kuliko upana wa fungu lenyewe, na litatokea limenyooka kama sigara iliyoelekezwa kwako. Mafungu hayajipangi kuitazama Dunia. Tafuta umbali wa fungu zima kwanza, ndipo ushughulikie nyota mojamoja.

Jozi nazo usizifute. Nyota mbili zinazolingana zikionekana kama moja hung'aa kwa magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota) 0.75 zaidi, hivyo huunda mstari wa pili juu ya safu kuu. Anayeanza huuona kama uchafu wa data. Jozi hizo ni nzito, huzama katikati mapema, na nishati wanazowapa wapita njia ndiyo inayozuia kitovu kisiporomoke. Na kabla ya kutangaza kwamba nyota hafifu zimehama, angalia kikomo cha mwangaza cha darubini yako kwa umbali huo. Huenda ziko palepale, hazionekani tu.